Punda Hana Nambari

Kanuni niliziandika mimi, mwezi wa Machi,
umeme ukikatika na kurudi,
feni ikinipeperushia makaratasi usoni:
«Ankara isiyozidi elfu hamsini, iende kwa Khuleta.
Ikizidi, ipande kwa Mhandisi Mutiso.
Ikiwa ni ya usafiri, iende Mombasa, kitengo cha magari,
na isipokuwa na nambari ya gari, irudishwe.»
Nikahifadhi, nikaenda kunywa chai.
Nilijiona fundi.

Sikumfikiria Lali Shekuwe.

Lali ana punda sita. Hao ndio waliobeba
chokaa, mchanga na mawe ya matumbawe
kutoka gatini hadi nyumba tunayoikarabati Mkomani,
kwenye vichochoro ambamo hata toroli
huingia kwa kuomba radhi.
Ankara yake aliiandika kwa wino wa kijani:
mizigo arubaini na mitatu, kila mmoja mia mbili.
Nikaipiga picha, nikaiingiza.
Mashine ikasoma neno moja, usafiri,
ikajua, au ikadhani inajua, pa kuipeleka.

Jumatatu, Mombasa.
Jumatano ikarudi: nambari ya gari haipo.
Nikaituma tena, na maelezo.
Maelezo hayasomwi na kanuni.
Ikarudi.
Mara ya tatu mtu wa magari akaniandikia:
«Hilo gari ni la tani ngapi?»

Lali alisimama mlangoni, viatu mkononi.
Sikuwa na la kumwambia ila «iko kwenye mfumo»,
kwa sauti ya daktari asiyetaka kutazamwa machoni.
«Mwanangu,» akasema, «punda hana nambari. Ana ina.»
Akanitajia yote sita.

Usiku ule nilifungua tena orodha ya kanuni.
Mfumo huzisoma kutoka juu kushuka chini,
na ya kwanza kukubali ndiyo inayohukumu;
zilizo chini yake hazipati hata nafasi ya kukohoa.
Kumbe si kuandika nini tu, ni kuandika wapi.
Juu ya magari, juu ya Mombasa,
nikapenyeza mstari mmoja:
«Ikiwa ni mizigo ya punda, iende kwa Famau wa ghala.»
Nikasita. Famau hana cheo.
Ana kipande cha chaki na ukuta,
na kila punda apitaye na mzigo humchorea mstari.
Idhini, nikajiambia, imfuate aliyeona.

Asubuhi simu ya Famau ikalia
kabla hajamaliza mahamri yake.
Nikasubiri alama ya kijani.
Ikaja nyekundu:
«Imekataliwa. Ukuta una arubaini na mmoja.»

Nilidhani Lali atapiga kelele.
Alikwenda ghalani, akasimama mbele ya ukuta,
akahesabu kwa kidole, midomo ikimcheza,
akafika mwisho, akaanza upya,
kisha akakumbuka: Ijumaa ile punda wawili
waligeuzwa njiani, mlango umefungwa kwa swala.
«Kweli,» akasema. Akaomba karatasi.
Nikampa na kalamu nyeusi, akanirudishia;
akatoa ile yake ya kijani, akaandika tena,
arubaini na mmoja, polepole,
Famau akimwangalia begani.

Saa sita kasoro robo pesa zikaingia simuni mwake.
Siku kumi na tisa za kuzungushwa na wasiomjua,
asubuhi moja ya kukataliwa na anayemjua,
na ni hili la pili alilonishukuru nalo.

Alipokuwa akivaa viatu akaniuliza:
«Hiyo kanuni yako, ni ya punda tu,
au hata Bwana Aboud wa Langoni imo ndani yake?»

Bwana Aboud hana punda.
Ana mkokoteni.

Nikarudi kuketi, nikafungua orodha.